Maneno ya Daktari Niliyoyaruka

Asubuhi niliyoondoka Kotile sikuwa na mpango wowote. Nilikunywa chai, nikaona lori la mbuzi limesimama kando ya barabara na dereva wake anapiga teke gurudumu moja baada ya jingine, nikapanda. Hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi. Kama wangeniuliza ningesema mbele.

Nilikuwa nimekaa pale miezi minne nikitia chumvi ngozi za mfanyabiashara mmoja. Kabla ya ngozi nilichimba visima, na kabla ya visima nilipaka rangi vibao vya maduka, ingawa mwandiko wangu ulikuwa mbaya. Shule niliiacha darasa la sita. Watu hudhani ni umaskini. Hapana, ni kutotulia. Nilitaka kujua kila kitu kilivyo ndani, na nikishajua nilichoka nacho. Baba yangu alikuwa mtunza mashine ya maji, mtu wa mto kama sisi sote nyumbani, na Kisomali nilikiokota nikiwa mdogo kwa watoto wa wafugaji waliokuja kunywesha mifugo. Kisomali hicho ndicho kilichonipa kazi ninayotaka kuieleza hapa, na ndicho nilichokitumia vibaya.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla ya ile mvua kubwa iliyokata barabara zote. Lori lilinishusha Garissa alasiri, kwenye soko la mbuzi. Nikatembea tu, nikiwatazama korongo wakubwa waliosimama juu ya majaa kama makarani waliocheleweshewa mshahara, mpaka nikajikuta mbele ya lango la hospitali. Palikuwa na mkokoteni wa punda, wa aina ile inayobeba maji mitaani, na juu yake, badala ya mapipa, ameketi msichana wa miaka tisa hivi. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Mama yake alisimama mbele ya askari wa lango.

"Kadi," askari alisema. "Kadi iko wapi?"

"Daktari," mama akasema.

"Kadi kwanza, mama. Daktari baadaye."

"Daktari!" akasema tena kwa sauti ya juu zaidi, kama askari ndiye asiyesikia.

Nikaingilia. Sikuingilia kwa wema. Nilitaka kuona kilichokuwa chini ya kile kitambaa. Nikamweleza mama kwa Kisomali kwamba kadi ndiyo inayotakiwa, naye akaitoa kadi kwenye pindo la nguo yake, imekunjwa mara nne. Msichana alinitazama kutoka juu ya mkokoteni.

"Hooyo," akamwambia mama yake, "huyu anaongea kama mbuzi aliyemeza karatasi."

"Nyamaza wewe," mama akasema, lakini alikuwa anacheka. Akanigeukia. "Walaal, ndugu yangu, usimjali. Ugonjwa umekula mguu, ulimi umeuacha."

Nikambeba mgongoni mpaka ndani. Kitambaa kilipofunguliwa niliona nilichotaka kuona, na nikatamani nisingekiona. Mguu ulikuwa umevimba kuanzia vidoleni hadi kifundoni, mgumu, umbo lake limepotea. Juu yake palikuwa na vitundu vingi vidogo, na katika majimaji yaliyotoka kwenye vitundu hivyo mlikuwa na punje nyeusi, ndogo kama ufuta.

"Wala hauumi sana," msichana alisema, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa likimuudhi.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mtaalamu wa ngozi aliyetoka Nairobi na kukaa Garissa kwa wiki kadhaa kila mara. Alivaa ndala na alipenda kueleza, na mimi nilipenda kuelezwa. Alisema mwiba wa mgunga ndio uliofungua mlango, na kuvu inayoishi udongoni ikaingia. Kuvu ni jamaa wa ukungu ule unaoota kwenye mkate, ila hii huota ndani ya mtu, inakula nyama, kisha mfupa. Mtoto alikuwa amemeza vidonge vya kawaida mwaka mzima bila kufaa. Kilichobaki kilikuwa kisu cha daktari wa upasuaji, chini ya goti.

"Wewe ni nani wake?" daktari akaniuliza.

"Si ndugu yake. Nilikuwa napita."

"Unapita kwenda wapi?"

"Mbele," nikasema. Muuguzi aliyekuwa akimtafsiria alikuwa amekwenda kujifungua, na kesho yake nikawa mkalimani, nimepewa kitanda katika chumba cha madereva wa hospitali. Nilijiona nimefika mahali. Kila siku nilijifunza kitu: jinsi ini linavyopimwa kwa damu, jinsi mtoto anavyopimwa uzito kwanza ndipo dozi ikatwe kufuata kilo zake. Nilianza kutembea nikiwa nimeweka mikono nyuma.

Daktari alikuwa na sanduku la dawa mpya, kapsuli nyeupe zilizofungwa katika karatasi ya fedha. Ilikuwa dawa ya kuua kuvu ambayo bado ilikuwa ikijaribiwa. Haikuuzwa katika duka lolote wala haikuwa imesajiliwa nchini. Yeye alikuwa amepewa ruhusa ya kuwapa watoto wachache ambao dawa nyingine zote zilikuwa zimewashinda. Lakini mzazi alipaswa kuambiwa kila kitu kabla ya kukubali, na wa kuambia nilikuwa mimi.

Kwa akina mama wawili wa kwanza nilisema kila neno. Wote wawili waliposikia kwamba dawa bado inajaribiwa, waliwafunga watoto wao mgongoni wakaondoka. Mmoja alisema nikiwa nasikia, "Kajaribuni kwa watoto wa Nairobi, wako wengi." Daktari hakukasirika. Alisema ni haki yao. Lakini nilimwona akifunga lile sanduku polepole, na nikaona kwamba nimeshindwa mimi. Nilikuwa mtu wa kusifiwa kwa maneno. Sokoni watu walikuwa wakiniita niwauzie ngozi zao. Nikajiambia kwamba hawa watu hawajui kuambiwa, na kwamba mimi ndiye ninayejua jinsi ya kuwaambia.

Wa tatu alikuwa mama wa msichana wa mkokoteni.

Daktari aliketi mbele yake, magoti yao karibu kugusana, akazungumza akimtazama yeye, si mimi. "Dawa hii bado inajaribiwa. Watu wazima wameitumia, watoto ni wachache sana. Huenda ikamsaidia, huenda isimsaidie. Inaweza kuliumiza ini. Ukiona macho yake yanageuka manjano, au mkojo wake unakuwa kama chai ya rangi, au anatapika kila mara, acha dawa siku hiyo hiyo umlete. Kila wiki mbili tutampima damu. Umpe pamoja na chakula chenye mafuta, maziwa au samli. Na unaweza kukataa. Ukikataa hatutakufukuza, tutaendelea kumtibu kwa njia nyingine." Akanigeukia. "Mwambie yote. Hata hilo la mwisho."

Nikamwambia mama: "Ni dawa mpya kutoka ng'ambo. Ina nguvu kuliko zote. Atapewa na maziwa, na kila wiki mbili mje atolewe damu kidogo. Akitapika usiogope, ni uchafu wa ugonjwa unatoka."

Hilo la uchafu nililitunga mimi. Nilijua litampendeza. Wafugaji wa huko wanaiheshimu dawa inayotapisha au kuendesha tumbo. Ile isiyofanya lolote tumboni wanaiona ni maji tu.

"Imeponya wengine?" mama akauliza.

"Wengi."

"Watoto?"

"Watoto."

Msichana alikuwa akitutazama kwa zamu. "Hooyo, yule ameongea sana, huyu kafupisha."

"Kisomali ni lugha fupi," nikamwambia, na wote wakacheka, hata daktari, ambaye hakujua tunacheka nini.

Kisha mama akaacha kucheka. "Wallahi?" akaniuliza. "Imeponya watoto, wallahi?"

"Wallahi," nikasema.

Neno hilo lilinitoka kama mtu anavyotema kokwa ya tende. Mama aliusogeza mkono wake mezani bila kuuliza tena. Daktari akamshika kidole gumba, akakigusisha wino, akakibana kwenye karatasi. Nilijua, na nilijua wakati ule ule, kwamba alama ile haikuwekwa kwa ajili ya karatasi. Iliwekwa kwa ajili ya kiapo changu.

Kwa wiki nne mambo yalikwenda vizuri, na nikasahau kabisa kwamba nimedanganya. Mama alikuwa amefikia kwa jamaa zake pembezoni mwa mji, na kila mara alipomleta mtoto kutolewa damu aliniletea maziwa ya ngamia kwenye galoni ndogo. Vitundu viwili vilifunga. Uvimbe ulianza kulainika, mfupa wa kifundo ukaonekana kwa mbali. Msichana alianza kukanyaga kwa kisigino, akawa ananifuata kwenye veranda akiiga ninavyotembea na mikono nyuma.

"Daktari wa ngozi za mbuzi," aliniita, kwa kuwa nilikuwa nimemsimulia kazi yangu ya Kotile.

Kisha mvua ikanyesha upande wa Balambala, kwao, na ngamia wakahamishwa. Mama alihitajika nyumbani. Muuguzi wa zamu, mimi nikitafsiri, alimpa dawa ya wiki tatu akamsihi asikose siku ya damu. Mama aliniuliza mimi, si muuguzi: "Kuna hatari?"

"Hakuna," nikasema.

Wiki ya tatu ilikuwa haijaisha aliporudi, mtoto akiwa amelala kwenye mkeka nyuma ya lori. Nilikwenda kumbeba kama siku ya kwanza. Alikuwa mwepesi mno. Alipofumbua macho niliona weupe wake wote umekuwa rangi ya kiini cha yai. Na kwenye viganja vyake, chini kidogo ya kiungo cha mkono, palikuwa na vidonda vya mviringo, vidogo kama vifungo vya shati, viwili kila mkono. Tumboni vilikuwa vinne.

"Alipata agarshow," mama akanieleza tukiwa tunatembea. Hilo ndilo jina la Kisomali la ugonjwa wa manjano, na dawa yake kwao ni kijiti cha moto viganjani na tumboni. "Tulimchoma, ukapungua siku moja, ukarudi. Tukamchoma tena. Lakini dawa ya mguu sikumkosesha hata siku moja. Hata alipoitapika nilimpa nyingine."

Aliyasema hayo kwa fahari ndogo, kama mtu anayerudisha kitu cha watu kikiwa kizima.

Nilielewa kila kitu hapo hapo, kati ya lango na mlango wa wodi. Kwake yeye macho ya manjano yalikuwa ugonjwa mwingine, wenye jina lake na tiba yake, usiohusiana na mguu. Nani alimwambia vinginevyo? Na kutapika, si nilimwambia ni uchafu unatoka? Alikuwa amefuata maelezo yangu kuliko mtu yeyote aliyewahi kunifuata.

Daktari alimtazama mtoto, akageuza viganja. Kisha akasema bila kuinua kichwa: "Muulize. Nilimwambia macho yakigeuka manjano aache dawa siku hiyo hiyo. Kwa nini hakuacha?"

Nimekaa na swali hilo miaka mingi. Lilikuwa swali rahisi kulitafsiri, maneno yote niliyajua. Kama ningelitafsiri, mama angesema, "Aliniambia lini?" na ningekwisha.

Nikamgeukia mama nikasema: "Daktari anauliza kwa nini hukuja mapema."

"Tulikuwa mbali," akajibu. "Magari hayakupita, kulikuwa na matope."

Nikamgeukia daktari nikasema: "Anasema alisahau."

"Alisahau!" Daktari aliweka kalamu chini, akaichukua tena, akaandika kwenye faili. Niliona anachoandika, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kusoma mwandiko wake. "Mama alielezwa, hakufuata." Kisha akaanza kusema kwa ukali, kwamba mtoto angekufa, kwamba ini si mchezo, kwamba alimwamini. Mama alimtazama mdomo.

"Anasema nini?" akaninong'oneza.

"Anasema umechelewa."

"Mwambie anisamehe."

Sikumwambia. Niliona aibu kulibeba hilo nalo. Basi mama, aliyekuwa na maneno machache ya Kiswahili ya sokoni, akayakusanya mwenyewe, akamsogelea daktari, akaweka mkono kifuani.

"Daktari, bole," akasema, kwa kuwa p ya pole haimo katika lugha yao. "Bole sana. Kosa yangu."

Mimi nilikuwa nimesimama kati yao.

Mtoto alilala wodini siku kumi na mbili. Dawa ilisimamishwa, na macho yakaanza kusafika, kwanza pembeni, kisha katikati. Mguu nao, bila dawa, ulianza kuvimba tena. Mama alisubiri arudishiwe kapsuli. Daktari akanipa jibu nimpelekee: hawezi kumpa tena. Dawa ya majaribio si ya kumpa mzazi asiyefuata maelezo. Mara ya pili mtoto hatapona. Jina lake limeingizwa katika orodha ya daktari wa upasuaji, ambaye angefika mwezi uliofuata.

Hilo nililitafsiri vizuri, neno kwa neno. Niliona ajabu jinsi ukweli unavyotamkika kwa urahisi unapomwangukia mtu mwingine.

Mama aliketi kwenye ukingo wa kitanda. "Kwetu mwana wa mbuzi akivunjika mguu tunamchinja," akasema. "Huyu nitafanya nini naye?"

"Nitapanda punda," msichana akasema. "Mbuzi wataniogopa zaidi."

Wakaondoka kwenda Balambala kuzungumza na wazee wa upande wa baba yake. Sikwenda langoni kuwaaga. Nilijifanya natafuta faili.

Wiki zilizofuata nilikuwa mtu mwenye shughuli nyingi sana. Nilifagia hata mahali palipofagiliwa. Muuguzi mkalimani alirudi kutoka uzazini, mtoto wake mgongoni, akawa anatafsiri asubuhi na mimi mchana. Nilimsikiliza jinsi anavyofanya. Alipomaliza kueleza, alimwambia kila mama: "Haya, sasa nieleze wewe, kama unamweleza mumeo." Na mama alipokosea, muuguzi alianza kueleza upya. Sikuwahi kufikiria kumwomba mtu arudie. Nilikuwa naogopa ningesikia nini.

Mmoja wa wagonjwa ambao mama zao alikuwa akiwatafsiria, mvulana wa miaka saba mwenye kuvu ile ile mguuni, alipata macho ya manjano. Mama yake aliacha dawa siku ile ile, akapanda gari la kwanza, akafika. Damu ikapimwa, wakangoja, dozi ikakatwa nusu, na mguu ukaendelea kukauka. Daktari alifurahi. Akasema, akimpima mtoto mwingine kwenye mizani, "Unaona? Angesikia tu yule mama wa Balambala, na wake angekuwa hivi hivi."

Nilikuwa nimeshika daftari la uzito. Nikasema, "Hakuambiwa."

"Nini?"

"Yule mama. Sikumwambia habari ya macho. Wala ya majaribio. Nilimwapia kwamba imeponya watoto. Na siku ile hakusema alisahau. Ni mimi niliyesema."

Daktari alimshusha mtoto kutoka kwenye mizani polepole, akampa mama yake. Alifunika kalamu yake, akaifunua, akaifunika.

"Toka," akasema.

Nikafika mlangoni.

"Rudi. Unapajua kwao?"

"Naweza kuuliza njia."

"Daktari wa upasuaji anafika baada ya siku sita. Damu ya mtoto ikiwa safi, naweza kumwanzishia nusu dozi hapa hapa wodini, chini ya macho yangu. Lakini mama aje akijua. Na utakayemweleza ni wewe, kwa mdomo ule ule." Akakaa. Alionekana mzee. "Na mimi nilipaswa kumwuliza amesikia nini. Niliona tafsiri yako ni fupi kuliko maneno yangu, nikacheka nanyi."

Kesho yake alfajiri nilipanda lori la mahindi. Safari hii nilijua ninakokwenda, na ndiyo safari niliyotamani zaidi isifike. Lori lilikwama mara mbili kwenye matope, na mara zote mbili nilikuwa wa mwisho kushuka kulisukuma, nikitumaini. Sikuwa nimewahi kufika Balambala. Niliwauliza watu sokoni, wakanielekeza nje ya mji, mwendo wa saa moja, upande wa mtoni. Nilifika alasiri. Palikuwa na nyumba tatu za mikeka na zizi la miiba. Msichana alikuwa ameketi mbele ya nyumba ya kati, mguu umenyooshwa, anawatupia watoto wa mbuzi vijiwe wasikaribie unga.

"Hooyo!" akaita. "Daktari wa ngozi za mbuzi!"

Mama akatoka akifuta mikono. Uso wake ulifunguka kabisa. Alidhani nimeleta dawa, nafikiri, au alidhani nimekuja tu kuwasalimia, na sijui lipi kati ya hayo ni baya zaidi.

"Abaayo, dada yangu," nikasema, "nina neno..."

"Kaa kwanza. Kunywa kwanza."

Huko mgeni haulizwi shida yake kabla hajanywa, naye haruhusiwi kuimwaga mlangoni. Akaniletea maziwa kwenye kibuyu chenye harufu ya moshi. Nilijua pia jambo la pili: mtu akishakunywa maziwa ya nyumba, ni mgeni wa nyumba, hafukuzwi. Ningeweza kukataa, nikasema neno langu nikiwa bado mtu wa njiani, anayeweza kufukuzwa kwa haki. Nilikunywa. Nilikunywa yote, nikijua kwa nini nakunywa.

Kisha nikasema. Nilianza na kiapo, nikaja kwenye macho, nikaja kwenye kutapika, nikamalizia na ile siku ya faili. Msichana aliacha kutupa vijiwe.

"Siku ile nilimwambia daktari ni kosa langu," mama akasema mwishoni.

"Ndiyo."

"Ulikuwa umesimama pale."

"Ndiyo."

"Ukanisikia."

"Ndiyo."

Alivitazama viganja vya mtoto wake. Vidonda vilikuwa vimepona, vimebaki mabaka meupe. "Nilimshika mikono mwenyewe," akasema. "Alipochomwa. Mara ya pili alinibembeleza nisimshike."

Nilikaa. Kondoo walirudi, akaenda kuwafungia, akarudi, akaketi mahali pale pale.

"Sema sasa," akaniambia. "Sema alivyosema yeye. Usiruke."

Nikasema. Nilihesabu kwa vidole nisije nikasahau: kwamba bado inajaribiwa, kwamba watoto ni wachache, kwamba huenda isifae, ini, macho, mkojo, kutapika, damu, mafuta, nusu dozi, wodini, siku tano tu zilizobaki kabla ya daktari wa upasuaji, na kwamba anaweza kukataa na hatafukuzwa. Ilichukua muda mrefu.

"Leo Kisomali kimerefuka," msichana akasema.

Hakuna aliyecheka. Nikamwomba mama arudie, kama muuguzi alivyokuwa akifanya. Akarudia yote. Hakukosea hata moja. Angeweza kurudia hivyo hivyo siku ile ya kwanza.

"Angekuwa wako," akaniuliza, "ungempa?"

"Sijui."

Akanitazama kwa muda. Nilingoja aniambie niape. Nilikuwa nimejiandaa kukataa, nimeshapanga na maneno ya kukataa, kwa heshima. Hakuniambia. Hakukihitaji tena kiapo changu kwa jambo lolote.

"Kesho tutakwenda," akasema. "Nitamsikia daktari mwenyewe, na muuguzi ndiye atakayesema, si wewe. Wewe utambeba mpaka barabarani."

Kisha akanyanyuka akanionyesha kwa kidevu mahali pa kulala, nje, kati ya nyumba na zizi la watoto wa mbuzi, ambako upepo haufiki. Aliingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika mwenyewe, akaupigapiga utoke mchanga, kama anavyofanyiwa mgeni yeyote. Nilipoketi niliona doa la dawa ya zambarau, ile aliyopakwa viganjani wodini, kwenye pembe moja. Ulikuwa mkeka ule aliorudi nao mtoto nyuma ya lori.

"Hapo kuna siafu," msichana alisema kutoka mlangoni. "Lakini wewe lala tu."